Shika Mita Kabla Hujashika Spana

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi kwenye mkutano wa mafundi na maopareta wa mitambo hapa Morogoro. Wengi mlikuwa saiti mkaniomba niyaandike, basi nimeyaweka kama nilivyoyasema, picha za ukutani nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi? Akina dada wa VETA pale mbele karibuni sana, na maopareta mliokuja asanteni, leo nitawasema kidogo na ni bora mkiwepo.

Nianze na swali, na msinidanganye maana humu ndani tunajuana. Taa ya injini imewaka kwenye deshibodi ya ekskaveta, umechomeka laptop, imekuletea namba inataja sensa ya temperecha ya maji, yaani kile kifaa kinachopima joto la maji ya injini. Unafanya nini? Semeni tu. Eeh, nimesikia, "nabadilisha sensa." Mwingine? "Nabadilisha sensa." Basi ukumbi mzima unabadilisha sensa! Na taa ikirudi? "Nabadilisha kontrol boksi." Yaani kompyuta ya injini nzima! Haya, na mwenye mtambo akiuliza hela yake imeenda wapi unamwambia bosi haya ni mambo ya umeme.

Ndo maana nimekuja. Kubadilisha sensa sio kutafuta hitilafu, ni kubahatisha, tena unabahatisha kwa hela ya mtu mwingine. Sensa ni mjumbe, na wazee walishasema mjumbe hauawi, ila sisi kila akija na habari mbaya tunamuua, tunaenda maduka ya spea ya Gerezani kule Dar kununua mwingine, akileta habari ileile tunamuua na huyo. Leo naomba kitu kimoja tu: shika mita, ile ya kupimia umeme, kabla hujashika spana. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Sasa la kwanza. Kabla hujasema sensa inadanganya, umewahi kujiuliza, je kama inasema kweli?

Kuna ekskaveta ilikuwa machimbo ya kokoto kule Lugoba, ya nani siwaambii. Asubuhi iko safi, ikishapata moto inawasha taa ya presha ya oili. Fundi akaskeni akapata 100 na mbele yake 1. Tusikilizane hapa. Kwenye mitambo inayoongea kwa mfumo wa J1939 namba ya hitilafu ina sehemu mbili, ya kwanza inataja kitu gani kinazungumziwa, ya pili inataja kina shida ya aina gani. 100 ni presha ya oili, 110 ni temperecha ya maji, 102 ni presha ya hewa inayotoka kwenye tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, 157 ni presha ya dizeli kwenye reli, bomba linalogawa dizeli kwa nozeli. Hizo mnazijua. Ila ile ya pili ndo wengi hawaiangalii na ndo yenye utamu wote: 0 maana yake kipimo kimepanda kupita kiasi, 1 kimeshuka kupita kiasi, 2 kinarukaruka hakiaminiki, 3 volti za waya wa sensa ziko juu kuliko zinavyotakiwa kufika, 4 ziko chini kuliko zinavyotakiwa kufika. Zinaendelea mpaka 31 lakini hizi zikikukaa kichwani umeshapata mkate wako. Mmeona tofauti? 0 na 1 zinaleta habari za injini. 3 na 4 zinaleta habari za umeme. Kontrol boksi ikikuandikia 1 inakwambia, mimi umeme wa sensa nauona uko sawa tu, ila presha yenyewe hamna.

Yule fundi akaona 100 akasema sensa. Akanunua, akafunga asubuhi injini ikiwa ya baridi, taa haikuwaka, akalipwa akaondoka. Mchana taa ikarudi. Opareta akapiga simu akaambiwa hiyo sensa itakuwa feki, we chapa kazi kesho nakuletea nyingine. Akachapa kazi. Hiyo kesho haikufika, saa kumi jioni konrodi, mkono unaoshika pistoni, ilitoka ubavuni mwa bloku. Walipokuja kuchomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli. Nozeli ilikuwa inavujisha, dizeli inashuka kwenye oili, oili imekuwa nyepesi, ikiwa ya baridi presha inatosha, ikipata moto haishiki tena. Sensa ya kwanza ilikuwa inasema kweli. Ya pili nayo ilikuwa inasema kweli. Ni nani aliyekuwa anadanganya pale?

Mngefanyaje nyie? Dipstiki kwanza, nusa, hiyo haina hata gharama. Halafu geji ya mkono, ile ya kufunga kwa mpira, unaifunga kwenye tundu la presha ya oili, unawasha, unaacha injini ipate moto, unalinganisha geji na skrini. Zikikubaliana, sensa achana nayo nenda kwenye injini. Zikigombana, hapo ndo unayo ruhusa ya kuishuku sensa na waya wake. Fundi wa mitambo asiye na geji ya mkono mimi simuelewi kabisa, ana laptop ya mamilioni hana geji!

Na hapohapo niseme, geji ya mkono ni ya oili na ya dizeli ya presha ndogo. Bomba la reli usilifungue injini inazunguka hata siku moja, mle ndani presha inapita bar 1,000, dizeli inaingia kwenye nyama ya mkono kabla hujajua kuna nini. Hiyo inasomwa kwa skrini tu.

La pili, na hapa nitakaa maana ndo hela za watu zinapotelea. Waya. Jamani waya!

Sensa ya temperecha ya maji ina pini mbili. Ndani yake kuna kitu ambacho kikipata moto ukinzani wake unashuka, kikipoa unapanda. Kontrol boksi inatuma volti 5 kupitia rezista iliyo ndani ya boksi lenyewe, halafu inaangalia zimebaki ngapi. Injini ya baridi zinabaki nyingi, injini ya moto zinabaki chache, ndo inavyojua temperecha, hamna uchawi. Sasa waya ukikatika inakuwaje? Volti hazina pa kwenda, zinabaki karibu 5 zote, boksi inaona hiyo ni baridi ya ajabu na kwenye mitambo mingi skrini inaandika nyuzi -40. Ukiona -40 ujue sio temperecha hiyo, ni waya uko wazi mahali au sensa imekatika ndani. Namba inakuja 110 na 3. Cummins wanaiita 144, Komatsu anaandika CA144, ni kitu kilekile. Na kinyume chake, waya ukigusana na negativu volti zinaanguka, skrini inaonyesha moto mkali wakati rejeta unaishika kwa mkono, inakuja 110 na 4, Cummins 145.

Greda moja ilikuwa kwenye kazi ya barabara upande wa Makambako. 110 na 3. Feni inazunguka mwisho muda wote maana boksi halijui injini ina moto kiasi gani linajihami, nguvu imepunguzwa, opareta analalamika. Makambako kuna baridi sikatai, ila sio ya -40! Wakabadilisha sensa. Wakabadilisha tena wakisema ile ya kwanza feki. Ya tatu ikaja kwa basi kutoka Dar, orijino kwenye boksi lake, ikafungwa, -40. Fundi akaandika karatasi kwamba kontrol boksi imekufa.

Bosi, kabla hajalipa, akamuita dada mmoja fundi umeme. Dada hakuja na laptop, alikuja na mita na kipande cha waya chenye pini mbili. Akachomoa soketi ya sensa, akaunganisha pini mbili za upande wa wayaringi kwa kile kipande, akapanda kwenye kebini kuangalia skrini. Mnajua alikuwa anatafuta nini? Kama waya na boksi ni wazima, ukiunganisha vile skrini lazima iruke kutoka -40 hadi moto wa mwisho na namba ibadilike kutoka 3 kwenda 4. Ikibadilika, waya mzima, boksi zima, sensa ndo mbaya, nenda kanunue kwa amani. Isipobadilika, hata ukifunga sensa mia hazitasaidia.

Haikubadilika. Akapima pini moja moja kwa negativu ya betri. Ya kwanza volti 5, safi. Akaigusisha hiyo ya volti 5 kwenye bodi ya injini kwa kile kipande, skrini ikaruka! Kwa hiyo boksi linasikia, waya wa kwenda ni mzima, uliokatika ni waya wa kurudi. Akaufuata kwa vidole, taratibu, anaupinda kila baada ya shibri moja. Karibu na alteneta wayaringi ilikuwa imefungwa kwa nguvu kwenye breketi na inatikisika na injini, gamba la waya kwa nje zima kabisa huwezi kuona kitu, ila ukiupinda pale unalegea kama hamna shaba ndani. Na kweli hamkuwa na shaba. Kipande cha waya kipya, kikaunganishwa kwa kuchomewa risasi, kikavalishwa gamba la kushika joto, feni ikatulia. Sensa tatu ziko stoo mpaka leo, zote nzima.

Angalizo vijana, mchezo huo wa kuunganisha pini ni wa sensa za pini mbili za temperecha. Usiende kuufanya kwenye sensa ya presha ya pini tatu kwa kubahatisha, utaunganisha volti 5 na negativu uzime nusu ya injini. Ile ya pini tatu ina volti 5 za kuingia, ina negativu, na ina waya wa kuleta habari. Hiyo unaiacha imechomekwa, unaingia na pini nyembamba nyuma ya soketi, swichi on injini imezimwa, unapima waya wa habari. Presha ya oili ni sifuri pale si ndio? Sensa nyingi zitakupa kama volti 0.5. Kwa nini isiwe 0? Kwa sababu aliyeitengeneza alitaka boksi lijue tofauti ya presha sifuri na waya uliokatika. Inafanya kazi kati ya 0.5 na 4.5, chini ya hapo au juu ya hapo boksi linajua kuna shida ya umeme linaandika 4 au 3. Ukilielewa hili hutahitaji kukariri namba.

Na msitoboe waya kwa sindano! Nawaona mnacheka. Unatoboa leo unapata kipimo chako, maji yanaingia kwenye katundu kale, miezi kadhaa shaba imekuwa ya kijani na fundi mwingine anahangaika na hitilafu uliyoipanda wewe. Halafu taa ya testa ya volti 24 isiguse pini za kontrol boksi wala za sensa, inavuta umeme mwingi. Testa ni ya kupima waya mnene unaopeleka umeme wa betri kwenye boksi, soketi ya boksi ikiwa imechomolewa. Hapo testa ni bora hata kuliko kupima omu, yaani ukinzani, maana waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba mita itakuambia omu sifuri mzima huu, ila ukiuwekea mzigo wa taa, taa inafifia au haiwaki. Wangapi wamedanganywa na hiyo? Naona mikono. Sawa.

La tatu. Namba nyingi zikija kwa pamoja.

Ukiskeni ukapata presha ya oili, presha ya tabo, presha ya reli, zote zimekuja saa ileile ya kazi, je sensa zote zimekufa pamoja kama zilikuwa na kikao? Haiwezekani. Tafuta kitu wanachochangia. Na wanachochangia ni zile volti 5. Kontrol boksi ina njia chache za volti 5 na kila njia inahudumia sensa kadhaa, mmoja akiigusisha kwenye negativu wote wanakosa.

Kuna loda la kupakia mchanga lilioshwa Jumapili kwa pampu ya presha, likang'aa, Jumatatu haliwaki. Namba nne. Katikati ya hizo nne kulikuwa na 3509 na 4, hiyo inasema wazi kabisa volti 5 za njia ya kwanza zimeanguka, kwa Cummins ni 352, lakini fundi aliiruka kwa sababu haikutaja sensa anayoijua! Karatasi ya bei ya kontrol boksi ilikuwa mezani kwa bosi, bei yenyewe unanunua bodaboda kadhaa na chenji inabaki.

Kilichofanyika ni hiki. Soketi ya sensa ya oili ikachomolewa, zikapimwa zile volti 5 zikakutwa ni moja na kitu. Mita ikaachwa palepale inasoma, mtu wa pili akazunguka injini anachomoa soketi moja baada ya nyingine na wa kwanza anaangalia mita. Ya reli, hamna mabadiliko. Ya dizeli, hamna. Ya tabo, paap, 5. Wakaichomeka tena ikaanguka, wakaichomoa ikapanda. Ukifungua ile soketi mpira wake wa kuzuia maji ulikuwa umechanika, ndani maji na ukijani kati ya pini mbili. Wakakausha, wakaweka pini mpya na mpira mpya, loda likawaka. Gharama ilikuwa mpira na pini.

Na ungechomoa zote volti zisirudi? Basi waya unagusa bodi mahali, au ni boksi lenyewe. Unachomoa soketi ya boksi unapima kama waya wa volti 5 unaonana na bodi. Ukionana ni waya. Usipoonana, na umeme na athi, yaani waya wa negativu, za kuingia kwenye boksi umeshazipima, sasa lishuku boksi, hapo sikugombezi.

Kuna vipimo vya bure ambavyo nitavipitia haraka maana njaa nazisikia hadi huku. Asubuhi kabla mtambo haujawashwa, fungua swichi usome temperecha zote, ya maji, ya hewa, ya dizeli. Umelala usiku mzima, zote zinatakiwa kukaribiana. Moja ikisema 60 wenzake wanasema 22 umeshampata. Vilevile presha ya hewa ya tabo injini ikiwa imezimwa inatakiwa isome sawa na hewa ya nje, Dar hapo kama kPa 101, Mbeya kwa ule mwinuko utapata kama 83. Tena msishangae 83 mkasema sensa mbovu, ni mlima huo.

Nyingine ya bure, injini haina mawasiliano na kebini, skrini inatoa vistari tu. Zima swichi kuu ya betri, nenda kwenye ile soketi ya duara ya pini tisa ya kuskenia, pima omu kati ya pini C na D. Inatakiwa 60, maana kuna rezista mbili za 120 huku na huku. Ukipata 120 upande mmoja umepotea. Ukipata karibu na sifuri waya zimegusana. Na nyie mliopaki mitambo karibu na mashamba ya mahindi, angalieni panya. Anapenda wayaringi yule sijui kuna nini mle.

Maopareta sasa, niliahidi. Pampu ya presha isielekezwe kwenye soketi na kontrol boksi, oshea mbali. Mtu akija kuchomelea bakuli la kuchotea, chomoeni betri na soketi za kontrol boksi, na athi ya welding ifungwe karibu na anapochomelea, sio huko mwisho wa mtambo umeme upite kwenye boksi kurudi. Na taa ikiwaka andika hata kwenye mkono: saa ya mtambo, ulikuwa unafanya nini, ya baridi au ya moto, mlimani au tambarare. Hiyo ya "fundi inawaka tu yenyewe" haitusaidii. Na fundi ukifika, piga picha namba zote kabla hujafuta. Unafuta kwanza halafu unatafuta nini?

Wenye mitambo mliopo, na nyie mnachangia. Fundi akipima kwa masaa matatu akakwambia ni pini, unataka kumlipa hela ya soda kwa sababu hajakuletea kitu kwenye boksi. Akikuletea sensa ya laki kadhaa isiyo na kazi unamlipa bila kelele. Sasa mnategemea atafanyaje? Mlipe kwa kupima.

Nimemaliza maneno. Greda lipo hapo nje, kabla hatujaanza nimeliwekea hitilafu moja, skrini ina namba tatu. Laptop zote zinabaki humu ndani, mezani kuna mita mbili na vipande vya waya. Akina dada wa VETA wanaanza, wazee mtakaa pembeni na hamruhusiwi kusema neno. Twendeni.